Watoto hawajui kwamba baba yao hana kazi. Niwaambie?

Shikamoo dada,

Nakuandikia usiku. Watoto wamelala, mume wangu naye amelala, au anajifanya. Nimesoma barua za wenzangu kwenye safu hii kwa muda mrefu na sikudhani kama zamu yangu itafika.

Nina miaka 38, naishi Tabata, Dar es Salaam. Ni fundi cherehani, nina fremu ndogo ya kupanga. Mume wangu alikuwa karani kwa wakala wa forodha, kazi za kutoa mizigo bandarini. Tuna watoto watatu. Binti yetu mkubwa ana miaka 12, yuko darasa la sita. Anayemfuata ni wa kiume, yuko darasa la tatu. Wa mwisho ana miaka minne, anashinda nami kwenye fremu.

Mwezi wa pili mwaka huu kampuni ilipunguza watu na yeye alikuwamo. Siku hiyo alirudi mapema, akaniita chumbani, akafunga mlango, akaniambia. Kabla hata sijakaa akaongeza kwamba watoto wasijue. "Nitapata nyingine kabla hawajagundua." Nikakubali. Wakati ule niliona ni busara, na kusema kweli mimi mwenyewe sikuwa na nguvu ya kuwaeleza.

Tangu kesho yake mpaka leo, mwezi wa kumi, anaamka saa kumi na moja na nusu, anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, anabeba begi la kompyuta na kupanda daladala kama zamani. Anashinda Buguruni, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la rafiki yake. Kuna siku anapata kibarua cha kusimamia mzigo, kuna siku anarudi mikono mitupu. Jioni watoto wanamuuliza, "Baba, kazi ilikuwaje?" Anajibu, "Nzuri." Mimi niko jikoni nasonga ugali, najifanya sisikii.

Dada, nimekuwa mwongo. Basi la shule tulilitoa mwezi wa tano, tukawaambia dereva kabadilishiwa njia. King'amuzi tukasema kimeungua. Luku ikiisha nasema umeme umekatika, mpaka siku moja mwanangu wa kiume alipochungulia dirishani akauliza, "Mbona dukani kunawaka?" Nikamwambia wao wako laini nyingine. Aliniangalia tu, akanyamaza. Huyu ni mtoto ambaye hanyamazi hata akiwa amelala.

Mwezi wa saba nikachukua mkopo, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Nilipewa laki tano, rejesho elfu 25 kila siku kwa siku 26. Nilitaka vitambaa vya sare za shule, nikanunua vichache, fedha zilizobaki zikaingia kwenye chakula. Mkusanyaji anakuja nyumbani na pikipiki. Hajawahi kunitukana mbele ya watoto, ila anasimama nje na kupiga honi mpaka nitoke. Wiki mbili zilizopita nilikuwa chumbani nikasikia pikipiki imesimama getini. Nilipotoka sebuleni nilimkuta mwanangu amezima redio, amemvuta mdogo wake, wamekaa sakafuni chini ya dirisha, amemziba mdomo. Hakuna aliyemfundisha. Na haikuwa yule mkusanyaji, ilikuwa bodaboda imemleta mpangaji mwenzetu.

Ada ni milioni moja na laki nane kwa mwaka kwa kila mtoto, kwa awamu nne. Tumelipa awamu moja na nusu. Shule wananipigia simu, nami nilifika mahali nikawa sipokei. Jumamosi iliyopita nilikuwa nafua begi la binti yangu. Ndani ya jalada la atlasi nikakuta barua tatu za kudai ada, zimekunjwa vizuri. Hakuwahi kunipa hata moja. Chini ya begi kulikuwa na kopo la siagi, ndani yake sarafu. Nilihesabu shilingi 7,400. Huwa nampa shilingi 500 kwa siku ya kula shuleni. Ina maana alikuwa hali.

Nikamwita ili nimuulize kuhusu zile barua. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza yeye: "Mama, kwani baba ana mke mwingine?"

Nikamwambia hapana, baba yako anafanya kazi sana, ndiyo maana unamwona amechoka. Akasema, "Sawa." Akachukua begi lake likiwa bado linachuruzika maji, akaenda nalo chumbani.

Usiku nilimwambia mume wangu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema nikiwaambia watoto nitakuwa nimemvua nguo mbele yao. Akasema marehemu baba yake aliwalea watoto saba kijijini Singida, hakuwahi kuwakalisha kuwaeleza shida zake, na wote wakakua. Wifi yangu, ambaye ndiye pekee anayejua hali yetu, anasema binti wa miaka 12 ni mtu mzima, nimweleze kila kitu anisaidie kubeba.

Mwezi wa kwanza hauko mbali. Bila muujiza, hawa wawili wataingia shule ya serikali, na mkubwa atakuwa darasa la saba. Naogopa nikisema, binti atavurugika kwenye masomo na yule wa kiume atatangaza mtaa mzima. Nisiposema, sijui binti yangu anawaza nini usiku. Niwaambie? Niseme nini na nifiche nini? Naweza kusema bila ridhaa ya mume wangu?

Lile kopo nililirudisha begini begi lilipokauka. Sikujua nifanye nini nalo.

Mama wa Watatu, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na poleni wote watano.

Ngoja nirudie nilichoelewa. Mumeo amepoteza kazi miezi minane sasa. Mlikubaliana kunyamaza kwa muda mfupi, na muda mfupi ukarefuka. Kila kilichopungua nyumbani kikatafutiwa sababu ya uongo, na sasa sababu zimekuwa nyingi kiasi kwamba nazo zinahitaji mtu wa kuzikumbuka. Binti yako anaficha barua za ada ili wewe usiumie, na wewe unaficha kukosekana kwa ada ili yeye asiumie. Mnafichana jambo lile lile, mkilala chini ya paa moja. Halafu mbele yenu kuna mwezi wa kwanza, ambao utasema wenyewe hata msiposema.

Swali lako la kwanza ni kama uwaambie. Hapo naomba tusimame kidogo, kwa sababu ukisema "kuwaambia" unadhani hawajui. Isome tena barua yako. Mtoto mwenye barua tatu za ada ndani ya atlasi anajua ada haijalipwa. Mtoto anayezima redio akisikia pikipiki na kumziba mdomo mdogo wake anajua mnadaiwa. Pengine hajui ni nani anadai na kiasi gani, ila anajua. Kuhusu umeme ndiyo usiseme, ule ulijulikana siku ile ile dirishani. Wasichokijua ni kitu kimoja tu: sababu.

Na binti yako ameitafuta sababu hiyo kwa akili zake. Baba anatoka alfajiri na kurudi jioni, anasema kazi ni nzuri, fedha hazionekani, usiku wazazi wananong'ona mlango ukiwa umefungwa. Mpe hesabu hiyo mtu mzima yeyote wa Dar es Salaam, atakujibu alivyojibu yeye: kuna nyumba ndogo. Mtoto amekokotoa vizuri kabisa. Mmemnyima namba moja. Sasa angalia jibu ulilompa, na unisamehe kwa kulisema: baba anafanya kazi sana. Kama baba anafanya kazi sana na nyumbani hakuna ada, basi fedha zinakwenda wapi? Ulikusudia kumtuliza, kumbe umemwongezea ushahidi. Nadhani ndiyo maana alisema "sawa" na kuondoka na begi linalochuruzika.

Sisemi haya kukutia hatia. Mlichofanya ninyi wawili mwezi wa pili kilifanywa na wazazi wengi kabla yenu, wangu wakiwamo. Mimi ni mtoto wa ridandasi. Miaka ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa, baba yangu alipunguzwa kiwandani, naye kwa miezi kadhaa aliendelea kutoka asubuhi na kikopo chake cha chakula. Nilizipata habari kwenye bomba la maji, kutoka kwa mtoto wa jirani ambaye baba yake alipunguzwa siku moja na wangu. Nikikumbuka sasa, kukosa kazi kwa baba hakukunichoma sana, maana nusu ya mtaa walikuwa hivyo. Kilichonichoma ni kwamba mtoto wa jirani alijua kabla yangu.

Nataka nikae kidogo kwa baba mkwe wako wa Singida, kwa sababu shemeji ametaja jambo la maana na sidhani kama lipuuzwe. Ni kweli mzee yule hakuwakalisha watoto saba kuwaeleza shida. Lakini je, alihitaji? Watoto wale walipanda mtama kwa mikono yao, wakapalilia, wakavuna, wakabeba mizigo kichwani. Walijua kihenge kimejaa au kimefika nusu kwa sababu waliingiza mkono wenyewe. Mbuzi akiuzwa walimwona akitoka zizini amefungwa kamba. Mvua zikigoma waliziona zinavyogoma. Kilichokuwa kinapungua kilipungua mbele ya macho yao, na hakuna aliyelala akiwaza kwamba baba ana mke mwingine kwa sababu tu kihenge kimeshuka.

Mshahara wa mumeo uliingia kwa ujumbe wa simu na kutoka kwa ujumbe wa simu. Kihenge chenu kina namba ya siri. Mtoto wa Tabata hana pa kuchungulia, anaona mkate upo au haupo, basi. Kwa hiyo baba anayenyamaza Tabata hafanyi alichofanya baba yake Singida, hata kama ukimya unafanana. Ukizungumza naye, usiliweke hili kama hoja ya kumshinda. Muulize tu, siku ambayo hamjagombana: mwaka ule mvua ziligoma, wewe ulijuaje? Kisha mwache asimulie.

Nije kwenye neno lake zito, kuvuliwa nguo. Nalichukulia kwa uzito wake. Mwanamume aliyezoea kuulizwa "kazi ilikuwaje" na kujibu "nzuri" anaogopa kwamba siku jibu likibadilika, na macho ya watoto yatabadilika. Hofu hiyo ni ya kweli na huwezi kuifuta kwa kumwambia asiogope. Ila mnaweza kutafakari pamoja mambo mawili. La kwanza, akisema wewe, ni kweli atakuwa amesemwa. Akisema yeye, anachagua maneno. Mtu anayeamka saa kumi na moja na nusu kila siku kwenda kutafuta kibarua ana cha kuwaeleza watoto wake, tena bila kupamba. La pili, Buguruni si mbali. Watu wa Tabata wanapita pale kila siku kwenda mjini. Mwalimu, mzazi mwenzenu au mtoto wa darasa moja na binti yako akimwona amekaa dukani saa nne asubuhi, habari itafika nyumbani bila yeye kuchagua neno hata moja, na itamkuta binti ambaye tayari anashuku jambo baya zaidi.

Umeuliza kama unaweza kusema bila ridhaa yake. Sitakupa ndiyo wala hapana, ila nikuoneshe ninavyoziona njia zote mbili. Ukisema kwa siri, binti atapata ukweli na papo hapo atapata siri mpya: "usimwambie baba kwamba nimekuambia." Utakuwa umemtoa kwenye fumbo moja na kumwingiza kwenye lingine, na safari hii anamficha baba yake. Kwangu hiyo ni bei kubwa. Kwa upande mwingine, kumsubiri mumeo bila tarehe kunaweza kuwa kusubiri mpaka siku ya kwanza ya muhula, mtoto akiwa anavalishwa sare ambayo hakuitarajia. Pengine kati ya hizo kuna kuwekeana siku. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, kwa mfano, watakuwa na wiki kadhaa za kuuliza, kununa na kuzoea kabla ya Januari. Kubali pia kwamba yako ni yako. Mkopo uliouchukua, Luku, basi la shule, uongo uliousema kwa mdomo wako, hayo unaweza kuyasahihisha bila kugusa habari ya kazi yake.

Kuna kitu kimoja ambacho kwa mtazamo wangu hakina muda wa kusubiri, nacho ni lile swali la mke mwingine. Unaweza kumwarifu mumeo kwanza, ili asione umemzunguka, halafu umwambie binti kitu kifupi kama hiki: "Nimelifikiria swali lako. Baba yako hana mke mwingine. Kuna shida ya fedha hapa nyumbani na tunaishughulikia sisi wawili. Tutakaa wote tukueleze. Na zile barua za shule si mzigo wako, nipe mimi." Itakuwa ngumu akikuuliza papo hapo ni shida gani. Unaweza kusema: baba mwenyewe ataeleza. Jibu hilo lina hatari yake, maana atakaa analisubiri, na ninyi mtakuwa na deni jingine la kulipa.

Wifi yako nampenda kwa kuwa upande wako, lakini hapo kwenye "mtu mzima" naomba tumsikilize kwa tahadhari. Mtoto wa kike wa miaka 12 si mtu mzima hata kama anasonga ugali kukushinda. Tunawazoea mabinti wa kwanza, tunawageuza mama wadogo wa nyumba, halafu tunashangaa wakikua hawajui kuomba msaada. Binti yako amekwisha kujipa kazi ya uhasibu na ya kukulinda wewe. Ukimmwagia kila kitu, kiasi cha deni, ndugu aliyekataa kukukopesha, mlichogombania na baba yake usiku, atabeba, tena bila kulalamika. Hapo ndipo ninapoogopa.

Kwa hiyo kuna kueleza na kuna kumwaga. Ninaloona linawahusu watoto ni lile linalogusa siku yao: kazi ya baba imekwisha, kampuni ilipunguza watu, hakuna aliyekosea. Baba anafanya vibarua na anatafuta nyingine. Basi la shule halirudi, dereva hakubadilishiwa njia, tulisema hivyo na tulikosea. Chakula kitakuwepo, ingawa si kile kile. Ahidi unachoweza kukishika tu. "Januari baba atakuwa na kazi" usiitoe kinywani, maana ikifika Februari hamtaaminiwa hata mkisema kesho ni Jumamosi. Ya deni kiasi gani na ya nani alisema nini, hayo ni ya chumbani kwenu.

Msitegemee shukrani. Binti anaweza kulia, au anaweza kukasirika kwamba alidanganywa miezi minane, na hasira hiyo itakuwa ya haki. Yule wa kiume anaweza kuuliza kama atapata viatu vya mpira, ukaona hana huruma. Anayo, ndivyo watoto wa umri wake wanavyopima tukio. Wa miaka minne hahitaji kikao. "Leo mama hana hela ya biskuti," ikisemwa kwa sauti ya kawaida, inamtosha.

Kuhusu kutangaza mtaa mzima: mtoto wa darasa la tatu ukimpa siri, umempa kitu cha kuuza. Badala ya siri, mpe sentensi. Wakimuuliza, ajibu, "Baba siku hizi anafanya vibarua." Si uongo na si aibu. Na mdogo wangu, usijipe moyo kwamba mtaa haujui. Jirani aliyeona basi la shule halisimami tena getini kwenu alijua tangu mwezi wa tano.

Mtoto huyu ndiye aliyenikalisha chini, na pikipiki yake. Hapo maneno peke yake sidhani kama yatatosha. Jaribu kumwomba yule mkusanyaji akufuate kwenye fremu, asije nyumbani. Na akija, mwanao akuone unatoka, unazungumza naye umesimama wima, unarudi ndani. Mweleze kwamba mama alikopa fedha na anazirudisha kidogo kidogo, na kwamba si kazi yake kuzima redio. Kwa upande wako, fahamu kwamba chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 anayekopesha kama biashara anatakiwa kuwa na leseni. Una haki ya kuomba kuiona, pamoja na nakala ya mkataba wako, kabla ya kukubali nyongeza yoyote ya kuchelewa.

Na hili si la watoto, ila siwezi kulipita: kama mwajiri wa shemeji alikuwa anampelekea michango NSSF, aende akaulizie fao la upotevu wa ajira. Kwa aliyechangia si chini ya miezi 18, linalipa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Halitarudisha maisha ya zamani, lakini awamu ya ada inaweza kuwa humo.

Shule. Umeandika kana kwamba jambo limekwisha, "bila muujiza wataenda serikali." Huenda ndivyo, na shule ya serikali si adhabu. Elimu ya msingi huko haina ada, na waliosoma huko tunao kila mahali, mimi nikiwamo. Lakini watoto wako wawili hawasimami mahali pamoja. Wa kiume ana miaka ya kutosha kuzoea. Binti ataingia darasa la saba, na sayansi aliyoisoma kwa Kiingereza miaka yote hii ataifanyia mtihani wa taifa kwa Kiswahili mwezi wa tisa. Inawezekana, ila si jambo dogo. Unaweza kupokea ile simu ya shule na kuuliza kama watamkubalia mkubwa peke yake amalize kwa malipo ya kidogo kidogo. Ukifanya hivyo, jiandae kwa mdogo wake atakayeuliza kwa nini dada abaki. Zipo pia shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond pale Upanga, ingawa nafasi zake hugombaniwa. Vyovyote mtakavyoamua, nenda kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata mapema kuulizia uhamisho, na uulize deni la ada litaathiri vipi karatasi zake.

Kabla ya hapo, msikilizeni binti mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni kwenye mambo yanayomhusu. Kumsikiliza si kumwachia uamuzi. Lakini sijaona popote kwenye barua yako mtu aliyemuuliza angependa nini. Anaweza kukushangaza, huenda amechoka kukunja barua.

Nimebakiwa na kopo. Ukizichukua zile fedha ukanunua unga, utakuwa umempokea kazini kama mlezi wa nyumba. Ukimwambia "hatuhitaji vijisenti vyako, kula," unaweza kumvunja mtoto aliyeshinda njaa wiki tatu. Kulirudisha begini bila neno nako kumemwacha hajui kama umeona. Hakuna njia kati ya hizo inayonifurahisha. Ila nimegundua kitu nikisoma barua yako: umehesabu mpaka shilingi ya mwisho, na sote wawili, wewe na mimi, tumedhani ni za ada. Hujamuuliza alikuwa anaziwekea nini. Anza hapo. Mkae jikoni wawili tu, mlango ukiwa wazi, umuulize, halafu uniandikie alichosema.